Kuchora ukumbusho kwa njia ya Tshibumba: kutoka gunia la unga hadi tablo ya saloni

Kazi hii ikiisha utakuwa na tablo moja, yaani picha ya kuchorwa, ya sentimita 40 kwa 70, yenye tukio moja la historia, tarehe yake na jina lako. Hesabu siku tano ikiwa ni kiangazi, wiki nzima ikiwa ni mvua, kwa sababu muda mwingi unaliwa na kukauka wala si na burashi. Vifaa vyote ni vya kawaida: kitambaa, lati nne (mbao nyembamba), misumari midogo, gundi nyeupe ya mbao, rangi nyeupe ya ukuta, na rangi tano za akriliki. Anayeanza kwa kununua turubai ya dukani anapoteza pesa na pia anakosa nusu ya somo.

Unamfuata nani

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Congo, alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, mji wetu huu uliopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Akademia ya Sanaa ilikuwepo mjini tangu 1951, na kabla yake kulikuwa na karakana ya Hangar aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, iliyowatoa Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Tshibumba hakutoka huko. Pilipili alijaza uwanja wa nyuma kwa nukta na majani, samaki na ndege. Mwenze alijenga mwili mzima kwa mistari mifupi iliyopangwa kama ufumaji. Bela alitumia ncha za vidole. Kazi zao zilitafutwa na wakusanyaji na majumba ya maonyesho. Tshibumba alijifunza mwenyewe, akawachorea watu waliokaa komini (mitaa) za mji huu, na ndiyo maana njia yake inaweza kufuatwa na mtu asiye na karakana wala mwalimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchoraji wa aina hii alimaliza tablo chache, akazishika kwapani, akapita nyumba kwa nyumba. Mnunuzi alikuwa mfanyakazi wa mgodi au wa reli, karani, mwalimu, mtu mwenye mshahara na ukuta wa saloni (sebule) usio na kitu. Alitaka vitu anavyovijua: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetoa mali kwa masharti, Simba Bulaya, habari za watu wanaokamatwa usiku wakaliwe, kijiji cha mababu chenye mitende na maji, kiwanda na bomba lake la moshi, na picha ya kiboko, yaani mjeledi, gerezani iliyoandikwa COLONIE BELGE 1885–1959. Mchoraji aliirudia mada ileile mara nyingi, kwa kuwa ndiyo iliyompa unga wa bukari (ugali).

Watu wa hapa waliziita picha hizo ukumbusho. Ukilielewa neno hilo vibaya utaharibu kazi nzima. Ukumbusho hapa si sanamu ya kumheshimu marehemu. Ni kitu kinachomkumbusha mtu, kinachomfungua mdomo. Mgeni anakaa saloni, anainua macho, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Tablo nzuri sana ambayo watu wanaitazama kisha wanarudi kwenye habari za mpira haijawa ukumbusho.

Kisha mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alifanya kazi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapa. Badala ya kuuza moja moja, Tshibumba alichora historia yote ya nchi kama mfululizo: mababu na wafalme, Waarabu na wapelelezi, ukoloni, uhuru, waziri mkuu Lumumba, kujitenga kwa mkoa wa Katanga, Mobutu, hadi picha za mambo yajayo. Zilifika kama mia moja. Kwa kila moja alikaa akaisimulia, na masimulizi yakarekodiwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Picha hizo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum na ambalo sasa ni Wereldmuseum. Yeye mwenyewe alijiona mwanahistoria anayetumia burashi, si mpamba kuta. Baada ya mwaka 1981 hakuna aliyempata tena, na hatima yake haikujulikana.

Kwa hiyo njia yake ina ngazi tatu: kurudia mada moja mpaka mkono uzoee, kisha tukio moja ulilolichunguza mwenyewe, kisha mfululizo. Usiruke ya kwanza. Wanaoanza na Lumumba kabla ya kujua kupaka anga wanamfanya Lumumba awe mtu mwenye shingo ya chupa.

Kitambaa

Yeye na wenzake walichora juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa. Yale yalikuwa ya pamba. Mengi ya leo yamefumwa kwa plastiki, na hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza: rangi inakaa vizuri wiki mbili, halafu inabanduka kama ngozi ya nyoka, kwa sababu plastiki hainywi gundi. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Plastiki inajikunja na kuwa tone gumu. Usipopata gunia la pamba, nunua merikani nzito isiyopaushwa. Shuka la zamani linafaa kwa mazoezi, lakini ni jembamba na litalegea.

Chemsha kitambaa nusu saa na sabuni ya unga, kisha suuza mpaka maji yawe safi. Hilo linatoa wanga wa kiwandani na wino wa chapa, tena linamaliza kusinyaa kabla hujakipigilia. Usipofua, chapa ya kampuni ya unga itajitokeza chini ya anga yako baada ya mwezi. Kausha, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo, kata sentimita 50 kwa 80. Zile tano za kila upande ni za kukunjia nyuma.

Fremu na kupigilia

Tafuta lati nne zilizonyooka, unene wa sentimita 2 na upana wa 4, mbili za sentimita 70 na mbili za 32 zitakazoingia katikati ya zile ndefu ili upana wa nje uwe 40. Ubao uwe mkavu. Mti mbichi wa sokoni unapinda ukikauka na kuivuta tablo iwe kama tanga. Kabla ya kukaza kona, pima mishazari yote miwili: kila mmoja uwe karibu sentimita 80 na nusu. Ukipata 79 huku na 82 kule, fremu imepinda. Sukuma kona ya mshazari mrefu mpaka ilingane. Kwa kona weka vipande vya mbao vya pembetatu, gundi na misumari miwili kila kimoja.

Ukingo wa mbele wa ndani upigwe msasa uwe wa mviringo kidogo. Ukiuacha mkali, utajichora juu ya tablo kama mstari wa kivuli unaozunguka picha nzima, na mstari huo hautoki.

Pigilia kuanzia katikati: msumari mmoja katikati ya upande mrefu, vuta, msumari wa pili upande unaoukabili, kisha pande fupi vilevile. Endelea kutoka katikati kwenda kona, kila sentimita 5, ukibadilishana pande. Kona zikunjwe mwisho. Anayeanzia kona anajipatia mawimbi ambayo hata maji ya moto hayatayanyoosha. Kikiwa tayari, gonga kwa kidole: kitoe sauti ya ngoma ndogo.

Tandiko jeupe

Gundi nyeupe ya mbao sehemu 1, maji sehemu 2. Paka mkono mmoja mwembamba mbele, ukisukuma burashi ili gundi iingie kwenye nyuzi. Kitambaa kitalegea kikilowa. Usishtuke wala usipigilie upya, kitajikaza kikikauka. Gundi hii ni kinga. Rangi ya mafuta ikigusa pamba tupu, inaiozesha taratibu, kitambaa kinakuwa cha kahawia na kuchanika kwenye misumari.

Baada ya hapo, rangi nyeupe ya maji ya ukuta sehemu 4 na gundi sehemu 1. Kwa ukubwa huu mililita 60 zinatosha mkono mmoja. Paka wa kwanza kwa ulalo, uache saa tatu wakati wa kiangazi, upitishe msasa laini mara moja tu, kisha wa pili kwa wima. Miezi ya Novemba hadi Machi, uache ulale usiku kucha. Wengine wanaongeza unga wa chaki ili weupe ujaze haraka. Kijiko kimoja kwa glasi hakina neno. Ukizidisha, siku utakayokunja tablo itapasuka kama tope la dimbwi. Weupe mzito ni uvivu, mikono miwili myembamba inatosha.

Usikaushe nje mwezi wa Julai au Agosti. Vumbi jekundu la barabara za komini za Katuba na Ruashi linashika kwenye rangi mbichi na halitoki tena. Ndani, tablo ikiegemea ukuta uso ukitazama chini kidogo.

Zoezi la kurudia

Chora mada moja mara tatu, kwenye karatasi ngumu au vipande vya shuka vyenye tandiko, nusu ya ukubwa. Tunashauri ile ya Colonie belge, kwa kuwa ina kila kitu utakachohitaji baadaye: jengo lenye mistari iliyonyooka, watu wengi wa ukubwa tofauti, bendera, na maandishi. Askari mwafrika ameinua kiboko juu ya mfungwa aliyelala kifudifudi. Mtawala mzungu aliyevaa nguo nyeupe anasimama pembeni akitazama. Wafungwa wengine wamebeba mizigo. Nyuma kuna gereza na bendera ya Ubelgiji.

Angalia nani anafanya nini. Mzungu hagusi kitu. Mkono unaopiga ni wa mtu mweusi, na amri ni ya yule anayesimama kimya. Hapo ndipo watu waliotazama picha hiyo walipoanza kusema, na wengi walisema habari za bosi wa sasa, si za mwaka 1930. Mara ya kwanza utajishughulisha na mikono na miguu. Mara ya pili utaona kwamba mtawala amekaa mbali mno au karibu mno. Mara ya tatu utajua umbali sahihi: nafasi ya mtu mmoja kati yake na mfungwa, kiasi kwamba jicho la mtazamaji linapita kwenye kiboko likienda kumtafuta.

Kulichunguza tukio lako

Chagua jambo lililotokea hapa au linalosimuliwa hapa. Tutafuata mfano wa mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, Desemba 1941. Wafanyakazi walidai mshahara wakati bei zilipanda kwa sababu ya vita. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wafanyakazi, aliuawa.

Gawa karatasi mara mbili. Upande mmoja andika kinachoonekana: uwanja, magoli, bunduki, sare, nguo za kazi, bomba la moshi nyuma. Upande wa pili kinachosemwa: mshahara, vita, nani aliamuru. Vya upande wa pili havichoreki moja kwa moja, lazima uvitafutie kitu cha upande wa kwanza. Mshahara unaweza kuwa sahani tupu mkononi mwa mwanamke pembeni ya uwanja. Idadi ya waliokufa inatofautiana kati ya taarifa za serikali na za wasimulizi, basi usiiandike kwenye kitambaa; chora miili mingi kiasi cha kumfanya mtazamaji aulize.

Nenda kwa wazee. Hawakuwepo mwaka 1941, ila wengi walisimuliwa na baba zao. Usiulize “unakumbuka nini?”, utapewa hotuba. Uliza kitu kimoja kidogo, kwa heshima: “Baba, ile siku batu balivalaka nini?” Kutoka kwenye nguo atafika kwenye viatu, kutoka kwenye viatu atafika kwenye kambi, na kambi itamleta kwenye jina la mtu. Wawili wakitofautiana, shika lile ambalo wote wawili wanalo.

Halafu kagua miaka. Hapa ndipo tablo nyingi za historia zinapochekwa:

Bendera ya Congo ya wakoloni ni buluu yenye nyota moja ya njano. Ya Ubelgiji ni nyeusi, njano na nyekundu, wima. Ya uhuru wa 1960 ina nyota kubwa na nyota sita ndogo kando ya mlingoti. Ya Katanga iliyojitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963, ni nyekundu na nyeupe yenye mkanda wa kijani wa mshazari na misalaba mitatu midogo, ile ya shaba. Ya Zaire ni kijani yenye duara la njano na mkono unaoshika mwenge.

“Lubumbashi” kama jina la mji haliandikwi kabla ya 1966. “Zaire” ni kuanzia Oktoba 1971 hadi 1997, na “Shaba” kama jina la mkoa ni la enzi hiyohiyo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, kwa hiyo mfalme Msiri, aliyeuawa Desemba 1891, hawezi kuwa na bomba la moshi mgongoni. Tumeiona hiyo, tena imepakwa vizuri kweli.

Kupanga picha

Chora kwa penseli laini au kipande cha makala (makaa) chenye ncha. Makala yafutwe na kitambaa kikavu kabla ya rangi, maana yakibaki yataichafua njano iwe kijani cha bwawa.

Weka upeo sentimita 13 kutoka juu, yaani theluthi moja. Ukiuweka katikati, unapata picha mbili zinazogombana. Juu ya upeo kuna anga, bomba na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, ikiwa mwaka unaruhusu. Kati ya sentimita 13 na 25 ni majengo na umati, watu wa sentimita 5 hadi 7. Chini ni wenye tukio, sentimita 15 hadi 18. Usihangaike na kanuni za umbali za vitabu. Kwenye ukumbusho mtu anakuwa mkubwa kwa uzito wake katika habari. Lakini ukubwa wa aina tatu unatosha. Ukiwa na aina sita, mtazamaji anadhani wengine ni watoto.

Sehemu ya nyuma si ya kujaza tu. Katika tablo ya kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwenye kilima kwa nyuma. Hakuna shahidi aliyesema kulikuwa na misalaba. Aliyesoma Injili anaelewa kabla ya kusoma maandishi. Jipe ruhusa ya kitu kimoja cha namna hiyo kwa tablo, kiwe mbali na kiwe kidogo. Viwili vinageuka kuwa katuni ya gazeti.

Acha ukanda mtupu wa sentimita 4, juu au chini, kwa maandishi. Wengi wanaukumbuka wakati miguu ya askari imeshafika ukingoni.

Rangi

Nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu. Akriliki za tyubu ni bora. Pesa ikipungua, rangi nyeupe ya ukuta uliyotumia kwenye tandiko inachanganywa na tyubu ndogo za kutia rangi. Usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Kinyume chake inawezekana. Na ukianza na akriliki, malizia na akriliki.

Fuata mpangilio wa mbali kwenda karibu. Anga kwanza. Kwa sababu hewa ya kiangazi inakausha rangi ndani ya dakika chache, hutaweza kuchanganyia juu ya kitambaa kama watu wa rangi ya mafuta. Tengeneza kabla, ndani ya vifuniko vitatu: buluu sehemu 1 na nyeupe 2; buluu 1 na nyeupe 6; nyeupe 6 na njano kidogo sana, ukubwa wa punje ya muhindi. Paka kutoka juu, kila mkanda ukigusana na uliotangulia ukiwa bado mbichi, na burashi pana yenye unyevu ipite kwenye mpaka mara mbili tu. Mara ya tatu inaanza kuchubua.

Ngozi za watu ndizo zinazoangusha wengi. Nyeusi ya tyubu usoni inaua uso, inakuwa tundu. Changanya nyekundu 2, njano 2, kisha buluu kidogo kidogo mpaka upate kahawia yenye uhai, karibu sehemu 1. Gawanya mara tatu: iliyo kama ilivyo, iliyoongezwa njano na nyeupe kidogo kwa paji la uso, pua na mabega, na iliyoongezwa buluu kwa chini ya kidevu na ndani ya mkono. Ngozi ya mzungu si nyeupe wala waridi ya sabuni. Ni nyeupe 6, njano 1, nyekundu nusu, na chembe ya ile kahawia.

Nguo na kuta zipakwe bapa, rangi moja, kingo safi. Nguvu ya picha hizi inatokana na rangi bapa zinazokaa karibu bila kuchanganyikana: khaki ya askari, nyeupe ya mtawala, nyekundu ya udongo. Ukianza kutia vivuli kila mahali, inakuwa tope. Tia kivuli kimoja chini ya kila mtu, upande mmoja kwa wote. Jua la kushoto na jua la kulia kwenye picha moja ni kosa ambalo jicho linalihisi hata lisipolijua.

Nyuso ni za siku ya nne, mkono ukiwa umetulia, burashi namba 1 au 2. Macho ya watu wadogo ni nukta, usijaribu zaidi.

Maandishi

Tshibumba aliandika kwa Kifaransa zaidi, herufi kubwa, sehemu ambapo mtu wa mlangoni anaweza kusoma. Wewe andika kwa lugha itakayosomwa na atakayeitundika. Kiswahili hakina ubaya.

Andika maneno machache: nini, wapi, lini. “MGOMO ÉLISABETHVILLE 9-12-1941” ina herufi, alama na nafasi 30. Ukitumia herufi za upana wa sentimita 2 zinachukua 60, zinabaki 10, basi anza sentimita 5 kutoka kushoto. Hesabu hii ni ya dakika moja, na bila hiyo utakuwa yule aliyeandika mwaka kwa herufi ndogo zilizobanana kwenye kona. Piga mistari miwili ya penseli, urefu wa sentimita 2 na nusu, gawanya kwa nukta kila sentimita 2, andika kwa penseli, soma kwa sauti, mpe mtu mwingine asome. Kosa la herufi linaonekana zaidi kuliko mkono ulioharibika. Nyeusi juu ya rangi nyepesi, nyeupe juu ya nyeusi. Nyekundu juu ya buluu inatetemeka machoni.

Sahihi ni yako. Yeye aliandika TSHIBUMBA K.M., na tablo zenye sahihi yake zina soko nje ya nchi, ndiyo maana wapo watakaokuomba “uandike tu lile jina”. Huo ni ughushi, na wewe ndiye utakayetajwa siku mnunuzi atakapouliza. Nyuma ya kitambaa andika kwa penseli jina lako, mwezi na mwaka, aina ya rangi, na namba ya tablo. Kalamu ya wino inapenya mbele.

Kuijaribu na kuiendeleza

Tundika tablo mahali watu wanapopita wakiwa na nafasi: kinyozi, duka la kushonea, saloni ya jirani. Usiieleze. Washa simu irekodi, ukiomba ruhusa. Kama mtu wa tatu bado anasema “ni nzuri” tu, kuna kitu kimekosekana, na mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: watu wote wanatazama mbele kama wa picha ya pasipoti, au hakuna mtu katika picha anayemtazama mwenye tukio. Geuza vichwa viwili vya umati vielekee kwa aliyeanguka. Ni kazi ya nusu saa, na inabadilisha kila kitu.

Waliyoyasema yaandike. Mmoja atasema “na wake zao je?”, mwingine “na waliorudi kazini kesho yake?” Hayo ni tablo ya pili na ya tatu. Hivyo ndivyo mfululizo unavyoanza, kwa maswali ya waliotazama. Ukubwa uwe uleule, upeo usawa uleule, ili zikitundikwa pamoja mstari wa ardhi uendelee kutoka moja hadi nyingine. Weka namba. Tano zinatosha mara ya kwanza. Ukipanga mia moja hutamaliza kumi.

Kwa safari, toa misumari, usikunje. Zungushia tablo kwenye bomba la plastiki la upana wa sentimita 10 au zaidi, upande wa rangi ukiwa nje. Watu wanauweka ndani wakidhani wanaulinda, lakini hapo rangi inabanwa na kujikunja, na ukiifungua Likasi au Kolwezi unakuta mistari kwenye kila uso. Ikiwa nje, rangi inanyooshwa kidogo tu na inarudi. Weka karatasi ya kaki katikati, kamwe si plastiki, hasa msimu wa mvua, kwa sababu jasho la plastiki linaifanya akriliki ishikane na mgongo wa kitambaa.